Jurassic Park: taharuki iliyomo ndani ya jedwali

Wengi wetu hapa Zanzibar tuliijua Jurassic Park kwa filamu ya mwaka 1993, na aliyeishia hapo amekosa sehemu bora ya kazi hii. Katika riwaya yenyewe, aliyoitoa Michael Crichton mwaka 1990, taharuki kubwa kuliko zote haimo katika meno ya mnyama yeyote, bali katika jedwali la hesabu.

Kampuni moja inafuga dinosaria katika kisiwa cha Kosta Rika, wote majike ili wasizaane, na kompyuta inawahesabu usiku na mchana: wanatarajiwa 238, wanaonekana 238. Mtaalamu wa hisabati, Ian Malcolm, anaomba itafute wanyama 300, na jawabu linakuja 292. Waliotunga programu walihofia mnyama kupotea, hawakufikiri kwamba angeweza kuongezeka, kwa hiyo mashine iliacha kuhesabu kila ilipofikia idadi iliyoambiwa. Hakuna anayekimbizwa katika kurasa hizo, lakini mimi sijasoma kurasa zenye kutisha zaidi, kwani ulinzi wote wa kisiwa unavunjika mbele ya macho ya watu waliokaa vitini. Sababu nayo ni ya kibaiolojia: mapengo katika vinasaba vya dinosaria yalizibwa kwa vinasaba vya chura, na wapo vyura wanaoweza kubadili jinsia.

Msingi wa hadithi, yaani kuwafufua dinosaria kwa vinasaba vya damu yao iliyobaki ndani ya mbu aliyenasa katika kaharabu (utomvu wa miti ya kale uliogeuka kama jiwe), hauwezekani. Visiwa vyetu viliuza sandarusi, utomvu wa miti uliokauka, kwa wingi ng'ambo katika karne ya 19, na mdudu aliyehifadhika ndani ya utomvu mgumu si jambo geni kwetu. Lakini kinachobaki ni umbo lake. Utafiti wa mwaka 2012 juu ya mifupa ya moa, ndege wa New Zealand waliokwisha kutoweka, ulikadiria kwamba nusu ya viungo vinavyoshikanisha vinasaba hukatika katika kila miaka 521 hivi, na mwaka uliofuata watafiti walishindwa kupata vinasaba vya nyuki hata katika sandarusi changa ya Kolombia. Dinosaria wana miaka milioni 66 tangu watoweke. Hata hivyo simlaumu mwandishi, kwa sababu matokeo hayo yalikuja baada yake, na riwaya ya namna hii ina haki ya dhana moja kubwa, maadamu itaiheshimu dhana hiyo mpaka mwisho.

Ninapomlaumu ni kwenye laisini, mojawapo ya asidi amino, yaani vijenzi vya protini mwilini. Wanyama wameundwa wasiweze kujitengenezea laisini, ili wakitoroka wafe. Hakuna mnyama mwenye uti wa mgongo anayejitengenezea laisini. Sote tunaipata katika samaki, kunde na mbaazi. Kizuizi hicho hakizuii kitu, na ingawa mwandishi anawaonesha wanyama waliotoroka wakijitafutia vyakula vyenye laisini, msomaji anayejua baiolojia huwa amekwisha kuacha kukiamini.

Sehemu ya umeme, kwa upande mwingine, imeandikwa kwa uhakika wa kupigiwa mfano. Kompyuta inawashwa upya, taa zinawaka, wote wanashusha pumzi, kumbe kwa saa kadhaa kisiwa kinaendeshwa na jenereta ya akiba ambayo haipeleki umeme kwenye uzio. Aliyekuwapo Unguja kati ya Disemba 2009 na Machi 2010, tulipokaa gizani miezi mitatu baada ya umeme kutoka Bara kukatika, anajua kwamba taa kuwaka si ushahidi wa umeme kurudi, na kwamba swali la kwanza ni mafuta yamebaki kiasi gani. Crichton analichelewesha swali hilo kwa ustadi mkubwa.

Hotuba za Malcolm akiwa kitandani ni ndefu kupita kiasi na zinapunguza kasi wakati inapohitajika zaidi. Kitabu bado ninakipendekeza kwa moyo mmoja, hasa kwa wanafunzi wa sayansi na kwa waandishi wetu wa Kiswahili wanaotaka kuandika bunilizi za kisayansi, ila wasiruke majedwali.