Hojaji ya Kilifi ya kupima imani kuhusu kifafa: tathmini ya mtumiaji

Hojaji iliyotungwa Kilifi na kuchapishwa mwaka 2012 ili kupima imani na mitazamo kuhusu kifafa ina sifa ambayo vipimo vingi vya aina yake havina: watungaji wake hawakutosheka na kutafsiri maswali yaliyoandikwa mbali. Walipitia maandishi yaliyokuwapo, wakawasikiliza wenyeji, wakatunga maswali 50, kisha wakayajaribu kwa watu 673 wenye kifafa na kubakiza 34.

Maswali hayo yamo katika mafungu matano: chanzo cha ugonjwa, tiba ya hospitali, tiba ya kimila, hatari na usalama, na dhana za kuwadunisha wagonjwa. Kutenganisha tiba ya hospitali na tiba ya kimila, badala ya kuzifanya ncha mbili za swali moja, ni uamuzi wa busara sana. Mama mmoja niliyemsomea maswali, ambaye mwanawe anatumia vidonge kila siku, alinijibu hivi: "Mwanangu, dawa ya hospitali inazuia kuanguka, anayemwangusha ni mwingine." Kwa hojaji nyingine ningelazimika kumhesabu ama upande wa daktari ama upande wa mganga, kwa hii, niliandika majibu yake yote mawili.

Lugha inataka uangalifu. Wamijikenda wengi huita kifafa vitsala, ilhali degedege la mtoto mchanga mwenye homa huitwa nyuni, neno ambalo maana yake ya asili ni ndege, na ambalo hubeba hadithi yake ya pepo. Anayesoma maswali bila kumuuliza kwanza msikilizaji anauitaje ugonjwa anaozungumzia anaweza kujaza karatasi nzima kuhusu ugonjwa mwingine.

Fungu dhaifu kuliko yote ni lile la hatari na usalama. Alfa ya Cronbach, yaani kipimo cha jinsi maswali ya fungu moja yanavyokubaliana, ni 0.56 tu kwa fungu hilo, ilhali mengine manne yako kati ya 0.70 na 0.76. Sishangai. Anayekataza mgonjwa asikae karibu na moto wa mafiga huenda anambagua, na huenda pia amekwisha kumwona mtu akiungua. Jibu ni moja, nia ni mbili. Ningeshauri fungu hilo lisomwe peke yake na lisijumlishwe na mengine.

Pia alama nzuri katika hojaji zisichukuliwe kuwa ni tiba. Katika jaribio lililofanyika Kilifi kwa watu 738 na matokeo yake kuchapishwa mwaka 2014, elimu kuhusu kifafa ilipunguza imani za kimila kuhusu chanzo na tiba ya ugonjwa, lakini umezaji wa dawa haukutofautiana na wa kundi ambalo halikupewa elimu hiyo.

Kwa kulinganisha hali kabla na baada ya mafunzo katika pwani ya Kenya, naipendekeza hojaji hii bila kusita. Kuihamishia kwingine kama ilivyo ni jambo jingine. Mahenge, Tanzania, ambako daktari Louise Jilek-Aall alianzisha kliniki ya kifafa, alikuta watu wakiogopa mate ya aliyeanguka kiasi cha kutothubutu kumshika hata akiwa ameangukia moto. Huko, maswali ya kwanza kutungwa upya yangekuwa yale yale ya fungu la hatari.