Moduli za faiba: nunua leza itakayodumu

Faiba ikishalazwa vizuri haina maneno. Kinachozeeka ni leza iliyo ndani ya moduli (kifaa kidogo kinachochomekwa kwenye swichi ya mtandao kugeuza umeme kuwa mwanga), na kinachoizeesha haraka kuliko vyote ni joto. Ndiyo maana hapa nimepanga kwa uimara. Kasi na bei nimeziweka kando.

Nafasi ya kwanza naipa DFB (leza inayotoa rangi moja tu ya mwanga) ya nanomita 1310, ile ya moduli za gigabiti 10 zinazofika kilomita 10. Haihitaji kipoza-joto ndani, na nyenzo zake za indiamu fosfidi hazipatwi kirahisi na balaa la uso wa leza kuungua ghafla, balaa linaloziandama zaidi leza za galiamu asenaidi.

Ya pili ni VCSEL (leza ndogo inayotoa mwanga kupitia uso wake wa juu) ya nanomita 850. Ndani ya jengo, mita 300 kwa kebo ya OM3 (aina ya faiba ya masafa mafupi), inatosha kabisa na inatumia umeme kidogo. Ila tundu lake la mwanga ni dogo mno, kiasi kwamba umeme tuli wa kidole unaweza kuijeruhi leo, ikafa baadaye ukiwa umeshasahau. Usiishike bila mkanda wa kutuliza umeme.

FP (Fabry-Perot, leza ya muundo rahisi) ni ya tatu: kwa gigabiti 1 inafaa. EML (leza zenye kipande cha ndani cha kukatakata mwanga kuwa data) za kilomita 40 na kuendelea naziweka nyuma, kwani nyingi hutegemea kipoza-joto. Hicho kikichoka, leza huhama rangi yake. Zinunue pale tu umbali unapokulazimisha. LED, taa ndogo isiyo leza, hudumu sana, lakini imeishia kwenye mitandao ya megabiti 100.

Muulize muuzaji ripoti ya majaribio ya GR-468 ya Telcordia, yaani kiwango cha kupima uimara wa vifaa vya mwanga vya mawasiliano. Akikupa tu “saa milioni 2 kabla ya hitilafu”, usidhani moduli yako itaishi zaidi ya miaka 200. Hicho ni kiwango cha kuharibika kwa moduli nyingi zikihesabiwa pamoja. Kabati likiwa nje juani, chukua ya nyuzi -40 hadi 85. Ya 0 hadi 70 iache ndani.

Tena chagua moduli inayoonyesha vipimo vyake kwenye swichi. Siku ya kuifunga, andika mkondo wa leza na joto lake. Leza inapochoka, moduli huiongezea mkondo ili mwanga usipungue, kwa hiyo mtandao utaonekana mzima huku namba ikipanda. Linganisha kwa joto lilelile, maana joto pekee hupandisha mkondo. Ukiongezeka kwa nusu, agiza nyingine.