RockBLOCK 9603 kwenye visima vya Chalbi, uzoefu wangu

Kwa wale wanaotafuta kitu cha kutuma data kutoka porini bila kumaliza betri, mimi natumia RockBLOCK 9603, modemu ndogo ya kutuma ujumbe mfupi, inapitia setilaiti za Iridium, na nimeifunga kwenye visima vya huku jangwa la Chalbi, Marsabit, mahali ukiacha senta kidogo tu simu inabaki ya kuangalia saa.

Kama 2G inashika pale kisimani weka laini ya simu, usijisumbue na setilaiti. Kama haishiki, usikimbilie Starlink, ile intaneti ya setilaiti ya SpaceX, ati kwa sababu ya spidi. Starlink Mini inakula wati 25 mpaka 40 ikiwa imewashwa, hapo utahitaji sola kubwa na betri kubwa, na paneli kubwa porini haimalizi msimu kabla haijang'olewa. Na kisima hakina mengi ya kusema, maji yako kina gani, betri volti ngapi, pampu inafanya kazi ama la, basi. Hayo yote nayabana ndani ya baiti 20, namba tupu bila maneno, manake ujumbe mmoja unabeba mpaka baiti 340 lakini krediti inakatwa kwa kila baiti 50, sasa ukiandika sentensi nzima hela zinaenda na hakuna la maana ulilosema.

Upande wa umeme siri ni kuizima. Kontrola, ile kompyuta ndogo inayoiendesha, inaiamsha asubuhi na jioni, modemu inajaza kwanza kapasita yake, kahifadhi kadogo ka umeme, hiyo ndo inabeba ile kuvuta ya ghafla wakati wa kutuma inayofika ampea 1.3, inatuma, inazimwa. Kapaneli ka wati 5 kananitosha kabisa.

Antena ndo mambo yote. Setilaiti ziko 66, kilomita 780 juu, na zinakimbia, kila moja inakupita kwa dakika chache, kwa hivyo ukifichwa anga upande mmoja modemu inajaribu tena na tena na kila jaribio ni betri. Kisima kimoja mafundi wa pampu waliiegemeza kwenye tangi la chuma, ujumbe ukawa unasumbua kila jioni, tulipoipandisha juu ya nguzo ukaanza kwenda mara ya kwanza tu. Nguzo yenyewe zungushia miiba, ngamia wakiiona lazima wajikune.

Bei iko juu, sikatai. Lakini hizi setilaiti zinapasiana ujumbe zenyewe huko juu, hazingoji kituo cha ardhini kiwe karibu na wewe, na unalipia mwezi unaotumia tu. Swarm, mtandao mwingine wa setilaiti wa kazi kama hii, ilikuwa ya bei rahisi sana, SpaceX ikainunua 2021, kufika 2023 vifaa vipya haviuzwi tena. Visima si vya kuchezea hivo, kiangazi hiki pampu ikikauka bila mtu kujua mifugo inaisha.

Pia inapokea, mpaka baiti 270, kwa hivyo maji yakianza kushuka nikiwa ofisini nakiambia kifaa kiripoti kila saa, na mwenyekiti wa kamati ya maji nampigia kabla pampu haijavuta tope. Ila amri inangoja modemu iamke, ukituma mchana itachukuliwa jioni.