Wiski za wastaafu wa hoki Kanada: ipi ununue, na kwanini naipimia kwenye barafu

Naanza na aibu yangu mwenyewe. Mwaka juzi msimamizi wetu wa zamu alikuwa anastaafu, mzee wa Edmonton kabisa, kazaliwa hapa kakulia hapa, sisi wa zamu ya usiku tukachanga hela ya zawadi, mimi nikatumwa kununua. Mzee anapenda wiski na anapenda hoki, ile ya kuteleza kwenye barafu, kazi rahisi si ndio? Nikaingia duka moja la pombe (jina naliacha), nikamwambia kijana wa kaunta nataka wiski ya hoki, akapanda kwenye kistuli akanishushia chupa ina jina la Lanny McDonald. Akasema huyu kila Mkanada anampenda, na chupa yenyewe ni adimu. Dola 129. Nikalipa, nikaomba na mfuko mzuri.

Sasa kwa wasiojua, Lanny McDonald ni yule mchezaji mwenye masharubu kama ufagio wa chelewa, na kombe la Stanley, lile la ubingwa wa NHL, ligi kuu ya hoki ya huku, alilibeba mwaka 1989 akiwa na timu ya Calgary. Calgary jamani! Kumpelekea mzee wa Edmonton chupa ya mtu wa Calgary ni sawa na kukatiza Jangwani umevaa jezi ya Simba siku ya dabi. Mzee akachana karatasi mbele ya watu, kimyaaa, halafu ukumbi mzima ukaangua kicheko na mimi nimesimama pale nimeshika kisu cha keki.

Ila mzee muungwana, akajimiminia hapohapo, akajaza barafu za ile mifuko inayouzwa petroli stesheni, akaanza hotuba. Mnajua hotuba za wastaafu. Robo saa nzima anataja majina ya watu walioacha kazi zamani. Alipokuja kunywa akaiangalia glasi, akacheka, akasema nimeizamisha mwenyewe. Neno hilo likanikaa kichwani mpaka leo, na ndo sababu ya kuandika hapa, maana tangu siku hiyo nimeulizwa na watu kama watano hivi kuhusu hizi chupa za wachezaji, na kila nikitafuta mwongozo naona wote wanaongelea harufu ya vanila na ganda la chungwa, hamna hata mmoja anayesema wiski inakuwaje ukishaiacha na barafu dakika kumi. Na huku ndivyo watu wanavyokunywa! Mechi ina vipindi vitatu vya dakika 20, nani anamaliza glasi kwa dakika mbili?

Fanya hesabu kidogo. Toti mbili ni kama mililita 60, kwa wiski ya asilimia 40 hapo una mililita 24 za kilevi chenyewe. Barafu ikiyeyuka ikatoa mililita 30 za maji, ambayo ni kitu kidogo tu kwa zile barafu nyembamba zenye tundu katikati, glasi yako imeshuka mpaka kama asilimia 27. Umelipia wiski unakunywa kitu kilichopooza ambacho hata Konyagi inakicheka. Na asilimia 40 ndo kiwango cha chini kabisa ambacho sheria ya Kanada inaruhusu chupa iitwe wiski, kwahiyo wengi wanasimama hapohapo mlangoni, hawana akiba.

Lakini asilimia peke yake haitoshi, hili nimeligundua kwa kujaribu. Wiski nyingi za Kanada msingi wake ni mahindi, laini, tamutamu, halafu wanachanganyia wiski ya rai, ile nafaka jamaa ya ngano, ndo inayoleta ukali wa viungo, pilipili manga, karafuu. Huo ukali ndo unaovumilia maji. Mahindi yakipata maji yanalala. Sasa utasema basi natafuta iliyoandikwa "Rye" kwenye lebo, nimemaliza. Thubutu! Kwa sheria za hapa wiski yoyote ya Kanada inaruhusiwa kujiita "Canadian Rye Whisky" hata kama rai iliyomo ni ya kunusa tu. Sheria inataka ikae angalau miaka 3 kwenye mapipa ya mbao yasiyozidi lita 700, sawa, hapo wamefanya vizuri, ila kwenye hilo jina wametuacha solemba. Kwahiyo huwezi kusoma lebo ukajua, lazima uitie barafu.

Januari hii tukafanya jaribio kwangu. Nje ilikuwa hasi 31, barafu hatukununua, tuliweka maji kwenye vikombe vya plastiki barazani. Tulikuwa watano, na jamaa mmoja wa kazini ambaye anakusanya hizi chupa akaleta zake tatu, mimi nikanunua moja. Kila glasi mililita 60, vipande viwili vya barafu, taima ya simu dakika kumi, hamna kuonja kabla haijalia. Mume wangu aligoma, akasema huu ni mtihani wa darasa la saba sio starehe. Akapewa soda.

Niseme mapema ili msije mkasema nimehongwa, mi ni mtu wa wiski za J.P. Wiser's, nilikuwa hivyo kabla ya jaribio na nimebaki hivyo. Hawa mwaka 2018 walikaa na chama cha wachezaji wastaafu wa NHL wakatoa mfululizo wa chupa za wastaafu, kuanzia na watatu, Wendel Clark, Guy Lafleur na huyo Lanny wangu wa aibu, na wengine wakafuata baadaye. Sehemu ya mapato ikawa inaenda kwa wastaafu wenyewe, kitu ambacho mi napenda kwasababu wengi waliocheza zamani hawakulipwa hizi hela za siku hizi, na magoti wameyaacha uwanjani. Inatengenezwa kiwanda cha Hiram Walker pale Windsor, Ontario, ukisimama mtoni unaiona Detroit ng'ambo, na mchanganyaji mkuu ni Don Livermore, ana udaktari kabisa wa mambo ya kuchachusha na kukeneka kutoka chuo cha Heriot-Watt, Scotland. Mtu kasomea. Sio kwamba staa kapiga picha na chupa basi imetoka.

Ya kwanza kwangu, na haina mjadala, ni ya Wendel Clark. Huyu ni kijana wa shamba kutoka Kelvington, Saskatchewan, timu ya Toronto walimchukua wa kwanza kabisa mwaka 1985 timu za NHL zilipokuwa zinachagua vijana wapya, mfupi lakini alikuwa anapiga watu mpaka unawaonea huruma. Na wiski yake ndo hivyohivyo. Taima ilipolia barafu zilikuwa zimebaki kama punje za mahindi, rangi imepauka, nikasema hii nayo kwisha habari, nikaonja, pilipili manga ile pale! Imekaa pembeni ya ulimi inakungoja. Dada mmoja aliyekuwepo ambaye kawaida anakunywa wine tu akaomba nyingine. Kama unanunua kwa ajili ya mtu anayekunywa polepole huku anaongea, chukua hii.

Ya pili Guy Lafleur. Hapa moyo umeingilia kidogo nakiri. Lafleur, jezi namba 10 ya Montreal, makombe matano miaka ya sabini, alikuwa anateleza bila helmeti nywele zote zinapepea nyuma, alifariki Aprili 2022 na jimbo lake zima la Quebec likasimama. Wiski yake ni laini kuliko ya Clark, tamu kama sukari guru inayoanza kuungua, na bila barafu mi ningeiweka ya kwanza. Kwa barafu inaanza kupotea dakika ya saba hivi, ila inapotea kwa adabu, mwisho inabaki kama chai ya maziwa iliyopoa, sio mbaya. Shida yake ni upatikanaji na tutafika huko, nina kinyongo.

Ya tatu Wayne Gretzky, ile No. 99 Red Cask. Najua hapa Edmonton kumweka Gretzky wa tatu ni kutafuta kufukuzwa mji. Sanamu yake iko nje ya Rogers Place, uwanja wetu wa hoki, kabeba kombe juu, makombe manne kawaletea, halafu tarehe 9 Agosti 1988 wakamuuza Los Angeles, watu wazima hapa wakikusimulia siku ile macho yanalenga machozi mpaka leo. Lakini tunaongea wiski. Kiwanda chenye jina lake kilifunguliwa 2017 Niagara-on-the-Lake, huko kwenye mashamba ya zabibu, kiko chini ya kampuni ya Andrew Peller ambao kazi yao ni wine, ndo maana hii wiski wanaimalizia kwenye mapipa yaliyowahi kubeba wine nyekundu. Kavu kavu, bila kitu, ni tamu sana, unapata kama zambarau zilizokaushwa. Ni asilimia 40, na kwenye barafu ile zambarau ndo ya kwanza kuaga. Kwahiyo ushauri wangu, inunue, ni rahisi kuipata kuliko zote na bei yake haitishi, ila usiitie barafu kabisa, iweke chupa nzima kwenye friji saa moja kabla. Wana na Ice Cask iliyopita kwenye mapipa ya ile wine ya zabibu zilizogandia mtini, hiyo kwangu ni sukari mno. Ya krimu ni ya kumwaga kwenye kahawa.

Lanny McDonald imekuwa ya nne, na wala sio mbaya, ina ladha ya mkate uliotoka kwenye tosta, barafu ikaivumilia wastani. Kama unakaa Calgary panda nayo mpaka ya pili. Kama unakaa Edmonton, umeshasoma kilichonikuta.

Za bei chee, Canadian Club, Wiser's Deluxe na wenzao, hizo changanya na soda ya tangawizi uendelee na maisha. Ila kama jina la mchezaji halikusumbui, tafuta Lot 40, inatoka kiwanda hichohicho cha Windsor, ni rai tupu asilimia 43, kwenye jaribio letu niliichomeka kimyakimya ikawapiga wote isipokuwa Clark. Sijaipa namba kwasababu haina hoki, ingekuwa sio haki.

Sasa tuongelee bei maana hapa ndo napandwa na presha. Hapa Alberta, jimbo letu, serikali iliachia maduka ya pombe kwa watu binafsi mwaka 1993, wakala wa jimbo anauza kwa jumla tu, halafu kila duka linajipangia bei lake. Watu wanasema ni ushindani, ushindani gani? Kwenye mtaa wangu maduka mawili yanatazamana, chupa ileile ya Red Cask, tofauti dola 9, kuvuka barabara tu! Na hizi za wastaafu kwa kuwa zilitoka kwa idadi ndogo ndo wanazifungia kwenye kabati la kioo lenye taa. Yule jamaa wa kazini nilipomwambia nililipa 129 kwa Lanny akanishika bega kama mtu aliyefiwa, yeye alinunua kwa chini ya nusu ya hiyo zilipotoka. Kijana wa kaunta aliniambia "inazidi kuwa nzuri ikikaa". Uongo mtupu! Wiski ikishaingia kwenye chupa imeacha kuzeeka, inayozeeka ni pipani. Iliyokaa kabatini miaka sita ni ileile, tena kama mwanga wa dirisha unaipiga ndo inaharibika. Angalia kimo cha wiski shingoni mwa chupa, kama kimeshuka achana nayo.

Na wale wa mitandaoni! Lafleur alipofariki nikaona matangazo ya watu wanauza chupa yake kama masalia ya mtakatifu, eti ina saini yake. Saini yenyewe utajuaje kama ni ya kweli? Kwanza kuuza pombe bila leseni hapa ni kosa, ukipigwa kuipata hela yako ni kazi. Kuna dada kaniandikia yuko mji wa Brooks, katuma hela, kaletewa sanduku lenye chupa iliyofunguliwa na kurudishiwa kifuniko. Nilimjibu pole, sikuwa na la zaidi.

Kama unampa mtu zawadi, kwanza uliza timu. Pili gandisha maji kwenye kikombe cha chai ili upate bonge moja, linayeyuka taratibu kuliko vile vipande vya mfuko, nilimpelekea yule mzee trei ya kugandishia mabonge hayo siku ya kuomba msamaha. Alinikaribisha ndani, chupa iko juu ya friji imebaki robo, na jina la Lanny kalizibia na stika ya Oilers, timu ya Edmonton.