Programu ya Kurekebisha Noti za Kinanda: Ununue Ipi?

Muuza programu atakuhesabia sauti: fidla mia, ngoma mia. Mwache ahesabu. Shida ya mpiga kinanda wa harusi hapa Mombasa ni nyingine: ameshapiga, ameshasevu, noti tatu zimekwenda upogo, na wenye harusi wanataka wimbo kesho. Kwa hiyo nimezipanga kwa jambo moja tu, wepesi wa kurekebisha noti za MIDI, yaani kumbukumbu ya ufunguo gani umegongwa, lini na kwa nguvu gani, siyo sauti yenyewe.

Ya kwanza kwangu ni Reaper. Leseni ya mtu binafsi ni dola 60, na unaijaribu siku 60 bila kufungiwa kitu. Inapendeza hasa kwenye kwantaizi, ule ufundi wa kuzivuta noti zikae kwenye mistari. Chakacha inakwenda tatu-tatu. Siku moja niliibana yote kwenye gridi (mistari hiyo) ya 1/16, inayogawa pigo nne-nne, kwa nguvu ya asilimia 100. Chapuo likageuka kwata, mama mmoja akauliza kama bwana harusi ni askari. Nikaghairi, nikachagua gridi ya tatu-tatu, nguvu asilimia 50. Noti zinasogea nusu ya njia tu, mkono wa mpigaji unabaki. Na noti iliyogongwa kwa mguso wa 120 kati ya wenzake wa 70 usiifute, ishushe. Kipimo cha mguso, yaani nguvu ya kidole kwenye ufunguo, huishia 127. Ubaya wa Reaper: inakuja karibu mikono mitupu, vyombo vya kupiga utavitafuta mwenyewe.

FL Studio inaifuata kwa karibu, na kwa mtu wa taarab huenda ikaipita. MIDI ina noti 128, na hakuna hata moja iliyo kati ya ufunguo na ufunguo. Ukitaka robo toni ya taarab, yaani sauti ya hapo katikati, unaipinda kwa gurudumu la kinanda, ambalo kwa kawaida hufika toni moja juu au chini: robo ya mwendo huo, yaani hatua 2048 katika 8192. Lakini gurudumu linapinda chaneli nzima, kodi zako zote (noti unazopiga pamoja) zinakwenda nalo! Kwenye FL, ukitumia vyombo vyake vyenyewe, unaipinda noti moja peke yake. Ukilipa mara moja, matoleo mapya ni bure maisha. Angalia tu usichukue toleo la Fruity ikiwa una mwimbaji, maana halirekodi sauti, chukua toleo la Producer. Na toleo la majaribio linasevu kazi ila halikufungulii tena mpaka ulipie. Wengi wamelia hapo.

Ableton Live Lite usiinunue: huja na kibodi nyingi mpya za USB, kwa hiyo ukinunua kibodi dai namba yake ya usajili ndani ya boksi. Kibodi ya mtumba, namba hiyo mara nyingi imeshatumika.

Mwenye Mac aanze na GarageBand, ni bure.

Mfuko ukiwa mtupu kabisa, LMMS. Ni ya bure, uwanja wake wa noti unatosha kujifunzia, ila haichukui sauti ya mtu. Mwimbaji utamrekodi kwingine.