Shōgun: Riwaya na Tamthilia Yake

Sisi wasomaji wachache wa Tabora, tuliopokezana nakala moja ya riwaya ya James Clavell iliyotoka mwaka 1975 hadi jalada likachanika, hatukubaliani kuhusu tamthilia ya mwaka 2024 yenye vipindi 10. Mimi naipendelea riwaya, kwa kuwa inamwingiza msomaji katika fikra za Toranaga, mhusika aliyechorwa kwa mfano wa Tokugawa Ieyasu, shōgun (mtawala wa kijeshi) wa Japani ya kale, na inampa baharia Blackthorne, aliyetokana na Mwingereza William Adams, nafasi ya kujifunza Kijapani neno kwa neno, nasi tukijifunza pamoja naye.

Hata hivyo, tamthilia inaishinda riwaya katika jambo moja zito: sehemu kubwa ya mazungumzo yake ni ya Kijapani, hivyo Wajapani hawatazamwi tena kwa jicho la mgeni peke yake. Kwetu Unyamwezi, ambako habari za Mtemi Mirambo zilienezwa mno na maandishi ya wasafiri kama Stanley, jambo hilo si dogo.

Mavazi yanapendeza. Anna Sawai, akiigiza Mariko, mkalimani wa Blackthorne, husema mengi kwa kunyamaza tu. Ila mapenzi yake na Blackthorne, yaliyokolea kitabuni, yamefifishwa kupita kiasi.