Kipimajoto cha sindano kwa jiko la sufuria kubwa

Boksi la kipimajoto hiki lina picha ya nyama inayochomwa, kama maboksi ya vipimajoto vingine vyote vya chakula. Mimi nasimamia jiko linalolisha watu wengi kwa mpigo, na nimekipenda kwa kazi ambayo boksi halikuitaja kabisa: kufuatilia chakula kinavyopoa na kiporo kinavyopashwa moto. Hatari kubwa iko hapo, na hapo jicho, pua na ulimi havikuambii kitu.

Ni cha kidijitali, sindano yake nyembamba inakunjwa ubavuni mwa mpini, na kinachohisi joto kiko kwenye ncha kabisa. Hiyo ncha ndiyo ya kuulizia kabla hujanunua. Vile vyenye mshale unaozunguka husoma joto kwenye sentimita kadhaa za chuma, kwa hiyo ukichomeka kwenye kipande chembamba unapata mchanganyiko wa joto la nyama na la hewa. Vile vya kulenga kwa mbali husoma juu juu tu. Vinafaa kwa kikaango, ila cha katikati ya sufuria havikijui. Hiki unachomeka, sekunde chache, namba inatulia.

Kwa nini nahangaikia katikati? Kwa sababu wengi wetu tumekuzwa tukiamini kwamba kilichochemka kimeshakuwa salama. Ni kweli kwamba moto huua bakteria wengi: katikati ya chakula ikikaa kwenye nyuzi 70 kwa dakika 2, hata Listeria hupungua mara milioni moja. Lakini Clostridium perfringens na Bacillus cereus wana mlango mwingine wa kutokea. Mambo yakiwa magumu hutengeneza spora: sehemu ya ndani hupoteza maji yake mengi, huzungushiwa tabaka ngumu, na shughuli za uhai husimama. Spora hizo huweza kuvuka mchemko wa nyuzi 100. Zaidi ya hapo, moto huohuo umeshawaua bakteria wengine waliokuwa wakigombea chakula nazo, umefukuza hewa ambayo perfringens haipendi, na joto lenyewe huzishtua zichipue chakula kinapoanza kupoa.

Niliyaona haya kwenye kioo cha kipimajoto hiki. Sufuria ya mchuzi mzito wa nyama ilikuwa imeepuliwa zamani, na ukiigusa ubavuni ni vuguvugu tu, ungesema imeshapoa. Kandokando sindano ilisoma 33. Nikaisogeza polepole kuelekea katikati, namba zikawa zinapanda, zikatulia kwenye 46. Perfringens hukua kwa kasi yake ya juu kabisa kwenye nyuzi 43 hadi 47, na kwenye nyama yenye joto hilo idadi yake huweza kuongezeka maradufu kila baada ya dakika 10 hivi. Mchuzi ule haukuwa na harufu mbaya wala povu, na ulikuwa mtamu. Tuliumwaga wote, na kuna aliyenuna.

Tangu hapo hakuna chakula kinachopoa ndani ya sufuria yake. Kinagawanywa kwenye trei za kina kifupi, trei zinakalishwa kwenye maji ya barafu, kinakorogwa, na sindano ndiyo inayotoa ruhusa ya kuingiza kwenye friji. Tunafuata kipimo cha kanuni za chakula za Marekani: kutoka nyuzi 57 hadi 21 ndani ya saa 2, kisha hadi nyuzi 5 ndani ya saa 4 zinazofuata. Hatua ya kwanza ndiyo ya kukimbizana nayo. Wali nao tunautendea hivyohivyo, tena kwa ukali zaidi, maana sumu ya kutapisha ambayo Bacillus cereus huitengeneza kwenye wali uliokaa vuguvugu haivunjwi na kupasha moto. Wali huo ukishaharibika, hata kipimajoto kikisoma 90 hujauokoa.

Kwenye kupasha kiporo kifaa hiki kimenisaidia kumaliza ubishi wa siku nyingi. Wapishi hupenda moto mdogo ili chakula kisishike chini. Shida ni kwamba joto likipanda kidogo kidogo, bakteria kama Salmonella hupata muda wa kutengeneza protini maalumu za kulinda mwili wake, na joto ambalo lingemmaliza haraka analivumilia kwa muda mrefu zaidi. Uchachu una mambo hayohayo: E. coli aliyezoea uchachu mdogo huweza kuhimili mkali zaidi, kwa hiyo limau peke yake si kinga. Sisi tunapasha kiasi kidogo kidogo, moto mkali, mwiko haupumziki, hadi katikati isome 74.

Kuna mahali ambapo namba ya kioo inaweza kukudanganya, na hili silioni likielezwa kwenye karatasi ya maelekezo. Salmonella aliye kwenye chakula kikavu, kama unga wa maziwa, siagi ya karanga au chokoleti, hakui, lakini hukaa hai kwa miezi, na ukavu huohuo humfanya avumilie joto kuliko akiwa kwenye mchuzi. Nyuzi 70 za kwenye supu si sawa na nyuzi 70 za kwenye karanga. Na baridi nayo isikupe usingizi: friza huwasimamisha bila kuwaua wote, na Listeria huendelea kukua polepole hata kwenye nyuzi 4. Napima friji kwa kuacha glasi ya maji kwenye rafu usiku kucha, asubuhi nachomeka sindano humo.

Kasoro yake kubwa ni pale sindano inapokunjwa. Mafuta hujibana kwenye kiungo hicho, na bakteria wakishajishika kwenye uchafu wa namna hiyo hujitengenezea utando unaowakinga na dawa za kusafishia. Kufuta kwa spiriti hakutoshi. Sugua kwanza kwa sabuni na brashi ndogo, suuza, ndipo uweke spiriti. Kasoro nyingine ni kukosa saa ya kuhesabu muda, wakati kupoza chakula ni habari ya muda na joto pamoja. Tunaandika kwa kalamu.

Usahihi wake sina malalamiko. Naujaribu kwa barafu iliyopondwa na maji kidogo, nakoroga, inasoma 0 au karibu sana na hapo. Usijaribu kwa maji yanayochemka kama uko sehemu ya juu, kwani mchemko hushuka takriban nyuzi 1 kila mita 300 za mwinuko, na utakilaumu kifaa bure.

Ukiweza, nunua viwili: kimoja cha nyama mbichi, kingine kisiguse kitu ila chakula kilichoiva, na uvifunge utepe wa rangi tofauti ili hata mgeni wa jiko asivichanganye.